Mandazi ya Kwanza Si ya Nyumbani

Leo asubuhi umekula nini? Usiangalie pembeni. Ni wewe nimeuliza, na swali lenyewe hata mtoto wa nasari anaweza kujibu. Ukiniambia "niko sawa, shosh," basi hujakula. Mtu aliyekula hutaja chakula. Atasema chai na mkate, au uji, au viazi vilivyobaki jana. "Niko sawa" haijawahi kupikwa kwenye sufuria yoyote, na mimi nimeisikia miaka mingi nikiwa nimesimama mbele ya karai la mafuta.

Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la nne nikatolewa nikalee watoto wa dada yangu, kwa hivyo mkiona nimeandika kitu kombo, someni tu mbele. Nimeuza mandazi, chai na uji zaidi ya miaka thelathini, kwanza Kibera upande wa Makina, halafu hapa Kawangware karibu na stage. Magoti yamekataa, nimeacha. Vijana wa kanisa letu ndio wameniomba niandike habari ya kazi yangu, na hasa wanataka kujua mbona wanachuo hawali asubuhi, maana wanasema mimi niliwaona kuliko daktari. Ni kweli niliwaona. Lakini kama mnangoja maneno matamu, tafuteni shosho mwingine.

Tuanze na unga. Maji yawe ya vuguvugu, yanayokubali kidole bila kukifukuza. Sukari iyeyuke kwenye maji kwanza, usiimwage kwenye unga kama mtu anayelisha kuku. Ukishakanda, funika na uache unga ulale. Mafuta usiyapime kwa moshi. Tupa kipande kidogo cha unga: kikizama na kukaa chini, ngoja; kikizama na kupanda mara moja, tia; kikigeuka cheusi kabla hujapumua, umechelewa, toa makaa kidogo. Siku hizi wanatumia gesi na wanapika wakiangalia simu. Ndio maana mnakula mandazi nyekundu nje na mbichi ndani, mnasema chakula cha Kawangware ni kibaya. Si Kawangware. Ni simu.

Haya yote nilifundishwa na Mama Rehema, Mnubi wa Makina, mwenye ploti na mwenye karai. Mimi wakati huo nilikuwa nafulia watu nguo Nyayo Highrise, na siku ambazo hakuna nguo nakaa na njaa. Alinikuta nimekaa kwenye jiwe karibu na kibanda chake akaniambia, "We binti, simama unisaidie kukanda." Nikakanda. Akaniangalia, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Unakanda kama unafua! Huo ni unga, si shati la mzungu. Usiukamue!"

Nilikaa naye miaka sita. Alikuwa mkali, na ukali wangu mimi niliuokota kwake. Alikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa: mandazi ya kwanza ni ya mteja. Mpaka mtu wa kwanza anunue na pesa yake iingie kwenye leso, hakuna anayeonja. "Si yako, si ya mtoto wako, si ya shehe, si ya padri," alikuwa akisema. "Mpaka tufungue, mdomo wako ni duka lililofungwa." Nyinyi wa Nairobi mnajua hii. Ingia dukani asubuhi na mapema uombe kitu cha bure, utaambiwa "bado sijafungua," hata kama mlango uko wazi na redio inaimba.

Siku moja nilivunja. Nilikuwa sijala tangu jana yake mchana. Nikaona mandazi moja imetoka vibaya, imepinda kama sikio, nikasema hii hakuna atakayeinunua, nikaiuma. Mama Rehema alinipiga mkono na kile kijiko cha matundu, mandazi ikaanguka kwenye majivu.

"Leo umekula bahati yetu," akasema.

Na kweli siku ile mvua ilinyesha, watu wakapita mbio wamejifunika magunia, karai likabaki limejaa mpaka adhuhuri. Sikubishana tena. Nilisema huyu mama ana njaa kama mimi na anavumilia, mimi ni nani nisivumilie? Shikeni hilo neno. Nitalirudia.

Sasa wanachuo. Nilipohamia Kawangware, bedsitter zilianza kuota huku kwetu na upande wa Riruta kama uyoga, na wanachuo wakaja kuzijaza. Mpangilio wa kibandani ulikuwa huu: saa kumi na moja ni mawatchman wanaotoka kazini, halafu vijana wa mjengo, halafu akina mama wa kazi za nyumba, halafu watoto wa shule. Mwanachuo hakuwa na saa yake. Wengine walikuja saa tano na slipa, macho yamevimba.

Mmoja aliitwa Brayo. Mrefu, mchangamfu, anasoma mambo ya mashine.

"Niaje shosh? Nipee mandazi mbili na strungi."

"Saa hizi ndio unakunywa chai? Jua limeshakuchoma matako kitandani."

"Shosh, hii si chai. Hii ni chai na lunch. Nimeunganisha."

"Umeunganisha kama stima ya wizi?"

Watu wakacheka, yeye akacheka kuliko wote. Nilimpenda huyo kijana. Halafu masomo yake yakawa ya asubuhi, akaanza kupita mapema, saa moja kasoro, na hasimami. Ananipungia mkono tu, na mdomoni ana kijiti cha meno. Kila siku kijiti. Nikasema moyoni, huyu amepata mwanamke wa kumpikia. Siku ya nne au ya tano nikamwita mbele ya vijana wote wa mjengo, na vikombe vyao mkononi:

"We Brayo! Umekula ng'ombe gani saa hizi mpaka akwame kwenye meno?"

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka kwa fundi wa viatu. Mmoja akasema, "Huyo amekula kijiti chenyewe, mathe!" Brayo alitabasamu. Alikitoa kijiti, akakiangalia, akakitia mfukoni. Sikumwona tena. Niliambiwa anazunguka kule nyuma ya kinyozi, anakanyaga mtaro, ili asipite kwangu. Aliyeniambia ndiye aliyenieleza pia kwamba kile kijiti alikuwa akikiokota kwenye kibanda cha nyama choma, ili wenzake wasimuulize kama amekula.

Kwa hivyo jibu la kwanza hilo hapo, andikeni. Wengine hawali kwa sababu hawana, na hawasemi hawana kwa sababu kuna mtu kama mimi amesimama njiani na mdomo mpana.

Wako wengine, msinidanganye. Wako wasichana wanaopima kiuno na tepu ya fundi. Wako wanaolala saa tisa na simu kifuani. Wako wanaosema tumbo la asubuhi halitaki kitu, na tumbo lenyewe wamelifundisha hivyo wao. Hao nimewagombeza wote na sijutii. Ninayemjutia ni mmoja, na hakuwa wa bedsitter. Alikuwa wa nyumbani kwangu.

Nekesa ni mtoto wa binti yangu. Binti yangu aliniachia mtoto akiwa na miaka minne, akaenda kutafuta kazi Mombasa, na huko akakaa. Nikamlea. Nilikuwa naamka saa tisa, nakanda, napika karai la kwanza hapo hapo nyumbani, kwa sababu kibandani jiko lilikuwa moja na alfajiri ni la chai. Saa kumi na moja kasoro tunatoka, mimi na beseni kichwani, yeye na thermos ya uji. Na sheria ya Mama Rehema niliingia nayo mpaka ndani ya nyumba: beseni likishafunikwa halifunuliwi mpaka kibandani, mpaka wa kwanza anunue.

Akiwa shule ya msingi, na baadaye sekondari ya kutwa, haikuwa shida. Shule ilikuwa karibu. Watchman wa kwanza akishanunua tu, namwambia "haya, tumefungua," naye anachukua mbili, anakula akitembea, mafuta yanamchuruzika kwenye sweta. Nilikuwa namgombeza kwa ajili ya sweta. Alikuwa mtoto wa kunenepa mashavu.

Halafu akaitwa chuo. Ukoo mzima haujawahi kutoa mtu wa chuo. Kanisani walimsimamisha, wakamwimbia. Masomo yake yalikuwa ya saa moja, na ili afike kabla barabara hazijafungwa na magari ilibidi atoke saa kumi na nusu, apite upande wa Riruta. Kibanda kilikuwa upande ule mwingine. Yaani alikuwa anatoka nyumbani kabla mimi sijafungua.

Wiki ya kwanza aliniuliza. Beseni lilikuwa mezani, moshi unatoka chini ya kitambaa, chumba chote kinanukia iliki. Alikuwa ameshavaa, begi mgongoni.

"Shosho, naweza chukua moja?"

"Kwani nimefungua?"

Alirudisha mkono. Akacheka kidogo, akasema, "Pole, nilisahau." Akaenda.

Hakuuliza tena. Miaka mitatu na zaidi. Mimi nikasema mtoto ana adabu.

Mtaniuliza, kwani hakukuwa na mkate? Hakukuwa. Kila kitu ndani ya nyumba yangu alfajiri kilikuwa cha biashara. Maziwa ya biashara, majani ya biashara, jiko lenyewe liko na karai la biashara juu yake. Jioni alikula vizuri, sufuria nzima ya ugali na sukuma, nami nilimwangalia akila nikajua mtoto wangu analishwa. Mashavu yalipoisha nikasema ni masomo. Alipoanza kushika tumbo nikampa maji ya tangawizi.

Na hapa ndipo aibu yangu. Kanisani walifanya mkutano wa vijana, mwalimu wao akauliza hilo hilo swali lenu: mbona wanachuo hawali asubuhi, wanazirai darasani? Wakaniita mimi mbele, kwa sababu ni muuza mandazi. Nikasimama, nikashika kiuno.

"Ni uvivu na simu," nikasema. "Mtoto anayetaka kula ataamka ale. Mimi huwa nimeshapika, na watu wangapi bado wanakoroma?"

Wakapiga makofi. Nekesa alikuwa benchi la tatu, anaangalia kucha zake. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alinishika mkono kuvuka mtaro, akasema, "Umeongea vizuri, shosho."

Alianguka kwenye chumba cha mtihani, mwaka wake wa mwisho. Mwenzake ndiye alinipigia simu, analia, hata jina lake sikulishika. Nilifika hospitali na aproni yangu. Daktari alikuwa msichana mdogo, karibu rika lake. Akaniuliza, "Shosho, asubuhi huwa anakula nini?"

"Mimi ni muuza mandazi," nikamjibu. Kana kwamba hilo ni jibu.

Daktari akangoja. Nekesa akiwa amefumba macho akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja saa, "Sijakula asubuhi tangu nijiunge na chuo. Shosho hufungua nikiwa nimeshaenda."

Daktari hakuelewa. Aliandika kitu, akauliza, "Anafungua nini?"

Tumbo lilikuwa na vidonda, damu ilikuwa kidogo. Daktari alisema sababu ni nyingi na si jambo la siku moja, nami najua alikuwa ananionea huruma. Ule mtihani ulimpita. Chuo kikamwambia arudie mwaka. Alirudi, akaanguka tena, akalala mgonjwa, akarudi, na mara hiyo ya pili alishuka kwenye matatu njiani akarudi nyumbani kwa miguu, akavua begi, akaliweka chini ya kitanda. Liko hapo mpaka leo. Mimi hufagia kulizunguka.

Sasa sikilizeni, maana bado sijafika mwisho wa ujinga wangu. Rehema, binti ya Mama Rehema, alisikia mgonjwa yuko akaja kutuona. Mama yake alishafariki. Alikuja na gurusa, ule mkate mwembamba wa Kinubi kama chapati ya maji, ameufunga kwenye kitambaa. Nikamwekea chai. Na kwa sababu moyo ulikuwa umejaa na nilitaka mtu wa kugawana naye lawama, nikamwambia:

"Ni ile sheria ya mama yako, Rehema. Nimeishika miaka yote. Imenimalizia mtoto."

Akaweka kikombe chini. "Sheria gani, mama?"

"Kwamba hakuna kula mpaka mteja wa kwanza anunue."

"Ah, hiyo ni ya kibandani," akasema. "Sisi tulikuwa tunatoka nyumbani tumeshakula. Mama alikuwa anatuamsha, anatupikia hii gurusa, tunakunywa chai mpaka tumbo linalia pwa! Alikuwa anasema mtoto akienda kibandani na njaa ataitolea macho biashara."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye ndiye wa kwanza kula! Si unamjua mama yangu na chai?" Alikuwa anacheka, akikumbuka. Halafu akaniona uso, akaacha kucheka. "Mama, wewe ulikuwa unakuja bila kula?"

Mnakumbuka nilisema mshike neno? Miaka sita nilisimama kando ya mwanamke aliyeshiba, nikidhani ana njaa kama mimi. Aliponipiga mkono siku ile, yeye aliamini nimekula kwangu, kama anavyokula mtu yeyote kabla ya kutoka. Alidhani ni tamaa. Sikumwambia sikuwa nimekula, kwa sababu nilikuwa naona haya. "Niko sawa, Mama Rehema." Ndivyo nilivyokuwa nikimjibu kila asubuhi akiniuliza hali. Niko sawa. Kumbe wa kwanza kuisema nilikuwa mimi.

Kwa hivyo mwalimu wa vijana, hilo ndilo jibu langu, na lile la uvivu na simu nimelifuta. Sina la kuwafundisha linalofaa. Mkiwa na bibi kama mimi, msingoje afungue. Lakini najua mtangoja. Mmelelewa vizuri.

Wiki iliyopita niliamka saa tisa kama zamani. Magoti yakipiga kelele, nikakanda unga kidogo, wa watu wawili. Nikaweka karai. Ilipotoka mandazi ya kwanza, nzuri, imevimba, tumbo tupu ndani kama inavyotakiwa, nikaiweka kwenye sahani, nikampelekea Nekesa kitandani.

"Kula ikiwa moto."

Aliichukua. Akaishika na mikono miwili, akaangalia mlango. Sijui kama alijua anaangalia mlango.

Nikavaa aproni yangu kuukuu. Nikachukua sarafu kutoka kwenye kikopo, nikamwonyesha, nikaitia kwenye mfuko wa aproni mbele yake. "Haya. Mteja wa kwanza amenunua. Ni mimi. Tumefungua, Nekesa. Kula."

Alicheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake muda mrefu, nikadhani tumepona. Akamega kipande kidogo, akakitia mdomoni, akatafuna, akatafuna, machozi yakaanza kutoka. Akatikisa kichwa. Akaenda nje akakitema, akarudi akajifunika blanketi.

"Haipiti, shosho," akasema. "Si wewe. Asubuhi haipiti tu."

Nilikaa pale kwenye kiti na ile sahani mapajani mpaka kukapambazuka. Halafu nikaila mimi. Miaka yote hiyo ya kupika, sikuwa nimewahi kula mandazi ya kwanza ya siku. Nawaambia ukweli, wajukuu zangu, ilikuwa tamu.